Malta na Lugha ya Wenyeji Wake

Kusini ya Sisilia, katikati ya Bahari ya Kati, kuna dola ndogo ya Malta, ambayo eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 316 tu. Udogo huo haukuwakinga wenyeji na tamaa ya wakubwa, maana bandari yake kuu yatazama njia ya merikebu baina ya mashariki na magharibi.

Waarabu waliitwaa mwaka 870, Wanormani mwaka 1091. Mashujaa wa Mtakatifu Yohana walikabidhiwa mwaka 1530, wakaitawala hata Napoleon alipowatoa mwaka 1798. Miaka miwili baadaye Wafaransa nao waliondoka, Waingereza wakashika mahali pao.

Watawala waliandika sheria kwa lugha zao, lakini mkulima na mvuvi walizungumza Kimalta, mtoto wa Kiarabu aliyelelewa jirani na Sisilia. Msomaji wa Kiswahili akiwasikia Wamalta wakihesabu sitta, sebgħa, disgħa, hakosi kutambua udugu. Wakatoliki hao humwita Mungu Alla, na Kwaresima huiita Randan, jina lililotokana na Ramadhani. Dini ilibadilika, ulimi ukabaki.

Hata hivyo ulimi huo ulidharauliwa. Kwa karne nyingi Kitaliano ndicho kilichokuwa lugha ya mahakama na ya wasomi. Mikiel Anton Vassalli, aliyechapisha kamusi ya Kimalta mwaka 1796, alifungwa kwa sababu za siasa, akaishi uhamishoni miaka mingi. Mwaka 1825 ndipo alipopewa kiti cha kufundisha lugha hiyo katika chuo kikuu cha Malta. Mwaka 1934 Kimalta kilifanywa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Kitaliano kikaondolewa. Waingereza hawakufanya hivyo kwa mapenzi matupu: walitaka kuvunja nguvu ya Italia ya Mussolini kisiwani. Lakini kilichokuwa silaha ya mtawala kiligeuka kuwa mali ya mtawaliwa.

Malta ilipata uhuru tarehe 21 Septemba 1964, ikawa jamhuri mwaka 1974, na majeshi ya Uingereza yakaondoka tarehe 31 Machi 1979. Rais huchaguliwa na Bunge, naye Waziri Mkuu huongoza serikali. Katiba yaitaja Kimalta kuwa lugha ya taifa, na tangu mwaka 2004 ni miongoni mwa lugha rasmi za Umoja wa Ulaya. Mashujaa waliacha ngome za mawe, ambazo wageni huenda kuzitazama. Lugha iliyodharauliwa na wenye ngome ndiyo inayosemwa leo Bungeni.