Mtandao ukivamiwa na wezi: wanachama wanaambiwa nini, na ni nani anayesema?

Mara nyingi tunasikia kwamba mtandao fulani umeingiliwa na wadukuzi, wale wengi wetu tunaita «pirates». Habari inaishia hapo, watu wanapita kwa ingine. Lakini kwa mtu mwenye akaunti ndani ya ule mtandao, shida ndiyo inaanza. Anataka kujua wameiba nini, na yeye afanye nini. Tena atajuaje kama ujumbe anaopokea unatoka kweli kwa wenye mtandao?

Mfano mzuri wa kuelewa jambo hili ni Internet Archive, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka wa 1996 na Mmarekani Brewster Kahle, makao yake yako San Francisco. Ndani yake kuko vitabu, sauti, video, na chombo kinachoitwa Wayback Machine, kinachotunza kurasa za zamani za mitandao, hata zile zilizokwisha kufutwa. Sisi wandishi wa habari kinatusaidia sana: mkubwa akikana kwamba hakuandika jambo fulani, unaenda kutafuta ukurasa wa zamani. Ni maktaba ya bure, haitafuti faida, na vitu vingi vilivyomo viliwekwa na watumiaji wenyewe.

Tarehe 9 Oktoba 2024, watu waliofungua archive.org waliona dirisha dogo limetokea mbele yao. Maneno yaliyokuwa ndani ni ya wavamizi wenyewe. Walicheka ulinzi wa maktaba, wakawaambia watu milioni 31 kwamba wataonana kwenye Have I Been Pwned. Ndiyo kusema wanachama walipata habari mbaya kutoka kinywa cha mwizi, mbele ya kuisikia kwa mwenye nyumba.

Have I Been Pwned ni huduma ya bure iliyoanzishwa na Mwaustralia Troy Hunt mwaka wa 2013. Unaandika imeli yako, inakuambia kama imetokea katika wizi unaojulikana. Hunt alikuwa amekwisha kupata faili ya wizi huo siku chache mbele, na tarehe 6 Oktoba aliandikia maktaba akiwapa taarifa kwamba ndani ya masaa 72 ataiweka kwenye huduma yake. Wavamizi wakatangulia.

Usiku wa siku ile ile Kahle akaandika ujumbe mfupi sana. Hakuuweka kwenye archive.org, aliuweka kwenye X. Ni akili ya kawaida: ukurasa wenyewe umetoka kusema kwa sauti ya mwizi, nani angeamini neno lingine kutoka pale pale? Kwa maneno yetu, ujumbe ulisema hivi. Tunayoyajua: mashine zilishambuliwa kwa maombi mengi ya uongo ili zianguke, ukurasa uliharibiwa kupitia kipande kimoja cha programu, majina ya watumiaji, imeli na maneno ya siri yaliyofichwa yameibwa. Tuliyoyafanya: kipande kile tumekizima, tunasafisha mashine, tunaongeza ulinzi. Kiisha akaahidi kusema zaidi kadiri watakavyojua.

Mimi naona nguvu ya ujumbe huo iko katika neno moja: wameiba. Viongozi wengi wakifika hapo wanazunguka-zunguka. Wanasema kulikuwa «tatizo la kiufundi», ao wanaanza na sentensi tatu za kusifu usalama wao. Mwanachama anamaliza kusoma bila kujua kama abadilishe neno lake la siri, ile tunaita «mot de passe».

Kuhusu maneno ya siri «yaliyofichwa», tueleze kidogo. Maktaba haikuwa imetunza neno lenyewe, ilitunza matokeo ya hesabu ngumu inayofanywa juu ya lile neno. Mwizi akipata matokeo, hawezi kuyarudisha nyuma kirahisi. Lakini anaweza kujaribu maneno mengi, moja moja, mpaka apate linalolingana. Mtu aliyeweka 123456 ao jina la mtoto wake ataanguka mapema. Tena kama lile neno unalitumia pia kwa imeli yako na kwa Facebook, mwizi wa maktaba anakuwa na ufunguo wa nyumba zako zote. Kwa hiyo tangazo la wizi linalosema «badilisha neno la siri hapa kwetu» bila kuongeza «na popote ulipolitumia» limefanya nusu ya kazi.

Mashambulizi yalirudi kesho yake, maktaba ikafungwa. Siku zile wanachama walifuata habari kwenye X, Bluesky na Mastodon. Tarehe 11 Kahle alitangaza kwamba vitabu na kurasa viko salama, na kwamba itachukua siku, si majuma. Wayback Machine ikarudi siku chache nyuma yake, lakini kwa kusoma tu, bila mtu kuongeza kitu.

Halafu ikaja tarehe 20 Oktoba. Watu waliokuwa wameandikia maktaba zamani kuomba msaada walianza kupokea majibu. Imeli ilikuwa ya kweli, haikuwa ya kuigiza. Ilitoka kwenye huduma ile ile ambayo maktaba hutumia kujibu watu. Lakini waliyoiandika ni wavamizi. Walisema funguo za mfumo wa majibu hazijabadilishwa, na kwamba wanaweza kusoma barua zaidi ya 800,000 ambazo watu walituma tangu 2018.

Hapa mtu akisimama kidogo ataona ubaya wake. Tumezoea kuambiana «angalia vizuri anwani ya aliyetuma». Siku ile anwani ilikuwa sawa. Mwenye nyumba alikuwa amebadilisha kufuli ya mlango mkubwa na kusahau ule wa jikoni. Kwa hiyo mbele ya kuandikia wanachama, kazi ya kwanza ni kuhakikisha kwamba njia utakayotumia mwizi hayumo ndani yake.

Wengine walishughulika namna nyingine. Stack Overflow, pale wanaotengeneza programu wanaulizana maswali, ilitangaza tarehe 16 Mei 2019 kwamba imeingiliwa lakini haijaona habari za watumiaji zilizoguswa. Kesho yake ikasahihisha: mvamizi alikuwa ndani tangu tarehe 5, na habari za watu karibu 250 huenda zilionekana, hao wataandikiwa mmoja mmoja. Reddit, mwaka wa 2018, iligundua uvamizi tarehe 19 Juni na kusema tarehe 1 Agosti. Ni zaidi ya majuma sita. Ujumbe wake ulikuwa na mambo wazi, ukataja hata miaka ya data iliyoibwa, 2005 mpaka 2007. Lakini mtu aliyekaa majuma sita bila kujua, uwazi huo ulimkuta amechelewa. Bora neno fupi leo na sahihisho kesho.

Katika Ulaya sheria inawapa wenye mitandao masaa 72 kuijulisha mamlaka ya ulinzi wa data. Hapa Kongo, Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 nayo inagusa ulinzi wa habari za watu binafsi.

Jumuiya zetu nyingi, lakini, haziko kwenye mitandao mikubwa ile. Ziko kwenye makundi ya WhatsApp: ya kanisa, ya likelemba, ya wazazi wa shule. Uvamizi wake ni mwepesi. Mwizi anapigia mama, anamdanganya amsomee kode ya tarakimu 6 iliyofika kwenye SMS, anachukua namba yake. Dakika chache nyuma, kundi lote linaombwa makuta kwa M-Pesa ao Airtel Money, na jina la mama njo linaonekana pale juu.

Msimamizi wa kundi afanye sawa na yule wa San Francisco. Namba iliyoibwa aitoe kwanza ndani ya kundi, kwa sababu yote anayoandika pale mwizi anayasoma. Kiisha apige simu, ama atume SMS ya kawaida, na maneno yawe machache: «Namba ya mama wa kamati imeibwa leo saa nne asubuhi. Ujumbe wowote wa kuomba makuta tangu saa hiyo si wake. Aliyekwisha kutuma apigie haraka huduma ya kampuni yake. Tutawapa habari saa kumi.» Na saa kumi aseme kweli, hata kama hakuna jipya.

Mwenye namba afungue tena WhatsApp kwenye simu yake na kuomba kode mpya; akiiingiza, mwizi anatoka. Kama mwizi aliweka PIN yake, mwenye namba anangojea siku 7 ili aingie bila hiyo PIN. Katika siku zile 7 ujumbe ukionekana kwa jina lake, wapigieni simu wamoja wa nyumbani kwake mbele ya kujibu.