Kutoka Mahari hadi Mirabaha: Historia ya Tafsiri za Wimbo "Malaika"

Ikisiri

"Malaika" ni miongoni mwa nyimbo za mapenzi za Kiswahili zinazojulikana zaidi duniani, na pia ni miongoni mwa zile ambazo utunzi wake umebishaniwa kwa muda mrefu. Makala haya yanafuatilia namna wimbo huo ulivyofasiriwa upya na wanamuziki mbalimbali tangu miaka ya 1960 hadi miaka ya 1990. Hoja inayojengwa ni kwamba kila tafsiri ilichagua kati ya mambo mawili yaliyomo katika matini: mapenzi na umaskini. Kadiri wimbo ulivyosafiri ndivyo mapenzi yalivyobaki na umaskini ulivyofifia. Makala yanahitimisha kwa kuonyesha kwamba mabadiliko hayo ya maana yanahusiana na udhaifu wa kumbukumbu za haki za watunzi katika Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Wimbo unaopendwa hauna sura moja. Kila anayeuimba huchagua mwendo, ala na maneno ya kutilia mkazo, na kwa uchaguzi huo hutoa maelezo juu ya maana yake. Kwa mtazamo huu, tafsiri ya mwanamuziki ni aina ya uhakiki unaofanywa kwa sauti, na historia ya tafsiri za wimbo mmoja yaweza kusomwa kama historia ya jamii zilizoupokea.

"Malaika" unafaa kwa usomaji wa namna hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, umeimbwa na watu wa asili tofauti sana: Mtaita wa Kenya, Mwafrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, kundi la disko lililoundwa Ujerumani Magharibi, na mwimbaji wa Benin aliyehamia Ufaransa. Pili, kiini chake ni mali: nafsineni anapenda, lakini hana uwezo wa kutoa mahari. Wimbo unaolalamikia ukosefu wa mali uligeuka wenyewe kuwa mali, na swali la nani anastahili mali hiyo halijapata jibu linalokubalika na wote.

2.0 Chimbuko na mgogoro wa utunzi

Rekodi iliyoutangaza wimbo huu ni ya Fadhili William Mdawida (1938–2001), mwanamuziki mwenye asili ya Taita, akiwa na kundi la Jambo Boys. Baada ya rekodi ya awali ya takribani mwaka 1960, aliurekodi tena mwaka 1963 katika studio ya Equator jijini Nairobi, iliyokuwa ikiendeshwa na Charles Worrod. Jina lake ndilo lililoandikwa kwenye santuri, na kwa sababu hiyo ndilo lililoingia katika kumbukumbu za kibiashara.

Hata hivyo, madai mengine yapo. Linalotajwa zaidi ni la Adam Salim, mwanamuziki kutoka Tanganyika. Kwa mujibu wa maelezo yanayomuunga mkono, aliutunga wimbo mwaka 1945 kwa ajili ya msichana aliyempenda, ambaye wazazi wake walimwoza mtu mwenye mali. Grant Charo, aliyekuwa mwenzake Fadhili katika Jambo Boys, alidai kushiriki katika utunzi, na wapo wanaomtaja Lucas Tututu wa Mombasa.

Si lengo la makala haya kuamua kesi hiyo. Linalojitokeza kihistoria ni kwamba madai yote yanaweza kuelezwa na mazingira ya muziki wa dansi wa wakati ule. Wanamuziki walivuka mpaka kati ya Tanganyika na Kenya kufuata kazi, walipiga pamoja kumbini na kwenye sherehe, na walijifunza nyimbo kwa kusikia. Beti iliongezwa hapa, neno likabadilishwa pale. Katika utamaduni huo, kuupiga wimbo wa mwenzako hakukuwa wizi. Lakini studio ilipoingia, sharti la kujaza jina moja kwenye lebo liliufanya uamuzi ambao jamii ya wanamuziki haikuwa imeufanya.

3.0 Matini: ndoa iliyomo katika sarufi tu

Matini ya wimbo ni fupi. Nafsineni, kijana wa kiume, anamwita mpenziwe malaika, anakiri mapenzi yake, kisha anaeleza kwamba angemwoa lau si kushindwa na mali. Katika sehemu nyingine anamwaza mpenzi kwa taswira ya ndege mdogo, na anasema kwamba fedha zinaisumbua roho yake.

Mambo matatu ya kiisimu yanastahili kuangaliwa. La kwanza ni hali ya masharti. Kiambishi -nge- ndicho kinachobeba tendo la kuoa, maana yake ndoa ipo katika sarufi na haipo katika maisha. La pili ni neno "mali". Katika muktadha huu halimaanishi utajiri kwa jumla. Msikilizaji wa Afrika Mashariki huelewa mara moja kuwa kinachokusudiwa ni mahari na gharama zinazoiandamana. La tatu ni kitenzi chenyewe. Katika Kiswahili sanifu mwanamume huoa na mwanamke huolewa, kwa hiyo kitenzi cha kutenda kinafichua jinsia ya nafsineni bila kuhitaji maelezo mengine.

Mazingira ya kijamii yanaikamilisha maana hiyo. Katika Nairobi ya miaka ya 1940 na 1950, vijana wengi wa kiume walikuwa vibarua waliotoka mashambani, wakilipwa ujira mdogo, huku mahari ikizidi kudaiwa kwa fedha taslimu. Kijana aliyekuwa na kazi mjini bado aliweza kukosa uwezo wa kuoa. Kwa wasikilizaji wa wakati ule, basi, "Malaika" ulikuwa wimbo wa mapenzi na pia wimbo wa ujira.

Fadhili William alifasiri matini hii kwa upole. Mwendo ni wa taratibu, magitaa yanaiacha sauti iwe mbele, na hakuna kilio kikubwa. Upole huo unaafiki hadhi ya nafsineni: hamlaumu msichana wala wazazi wake, anaieleza hali yake tu.

4.0 Tafsiri tatu zilizoubadilisha wimbo

4.1 Makeba na Belafonte: mpenzi asiyefikika

Miriam Makeba ndiye aliyeufikisha wimbo huu mbali zaidi. Mwaka 1965 aliurekodi akiwa na Harry Belafonte nchini Marekani, katika albamu ya pamoja iliyotunukiwa Grammy kama rekodi bora ya muziki wa kiasili. Nyimbo zilizouzunguka katika albamu hiyo zina uzito. Nyingi ni za Afrika Kusini, na mmojawapo unamwonya Verwoerd. Mtunzi wake, Vuyisile Mini, alinyongwa na serikali ya ubaguzi wa rangi mwaka 1964. Makeba mwenyewe alikuwa amezuiwa kurudi kwao tangu mwaka 1960.

Ukisikilizwa miongoni mwa nyimbo hizo, "Malaika" unapata maana ambayo haikuwa wazi jijini Nairobi. Kizuizi kati ya anayependa na anayependwa hakibaki kuwa mahari peke yake. Kinaweza kuwa mpaka, pasipoti au serikali. Maneno ni yaleyale, ila jirani zake wamebadilika.

Tafsiri hii pia iliyagawa maneno ya mwanamume kati ya sauti ya kiume na ya kike. Makeba anaimba kitenzi cha kuoa, naye ni mwanamke. Wapo wanaoweza kuliona hili kuwa kosa la mgeni wa lugha, lakini hukumu hiyo ni ya haraka. Katika taarabu ya pwani, mwimbaji wa kike kuchukua nafsi iliyoundwa na mshairi wa kiume ni jambo la kawaida. Siti binti Saad, aliyerekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928, aliimba mashairi mengi yaliyotungwa na wanaume. Kwa msikilizaji aliyelelewa katika desturi hiyo, sauti ya Makeba inawakilisha nafsineni, haidai kuwa yeye.

4.2 Disko na hoteli: furaha bila mahari

Mwaka 1981 kundi la Boney M., lililoundwa na mtayarishaji Frank Farian, lilitoa "Malaika" kwa mdundo wa kuchezeka. Wasikilizaji wake wengi wa Ulaya hawakuijua lugha. Kwao neno la kwanza la wimbo lilikuwa sauti tamu, na habari ya mali haikusikika kabisa. Hapo umaskini wa nafsineni uliondolewa bila hata kufuta silabi moja, kwa kuwa mdundo wa furaha na msikilizaji asiyeelewa vilitosha.

Jambo linalokaribiana na hilo lilitokea nyumbani. Utalii ulipokua katika pwani ya Kenya, bendi za hotelini ziliuweka "Malaika" katika orodha moja na nyimbo za kuwakaribisha wageni, kama "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms wa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wimbo wa kijana asiye na fedha ukawa burudani ya mgeni aliyelipia chumba. Haifai kuwadharau wanamuziki hao. Kwao hoteli ilikuwa ajira ya uhakika, na wao ndio waliouhifadhi wimbo katika utendaji wa kila usiku wakati redio zilikuwa zimeuweka katika vipindi vya zilizopendwa. Ila ni wazi kwamba soko la utalii lilihitaji sehemu moja tu ya matini.

4.3 Kidjo: nasaba ya wanawake

Mwaka 1991 Angélique Kidjo aliuimba wimbo huu katika albamu ya Logozo. Kidjo alizaliwa Benin, lugha zake za utotoni ni Kifon na Kiyoruba, na mara nyingi amemtaja Makeba kuwa kielelezo chake. Tafsiri yake kwa hiyo haikuanzia Nairobi. Ilianzia kwa Makeba. Kwa Waafrika wengi wa kizazi chake nje ya ukanda wa Kiswahili, "Malaika" ni wimbo wa Makeba, na kuuimba ni kumheshimu.

Hapa pana faida na hasara kwa Kiswahili. Faida ni kwamba lugha imefika Afrika Magharibi ikiwa imebebwa na heshima ya sanaa, bila amri ya mamlaka yoyote. Hasara ni kwamba jina la mfasiri mkubwa limefunika majina ya waliotangulia, na matini imeanza kuzunguka katika maumbo tofauti. Mahali anapotajwa mpenzi, baadhi ya matoleo yana "dada", mengine "mama", mengine hurudia "malaika". Asiyejua kwamba "dada" katika Afrika Mashariki ni neno la heshima kwa mwanamke kijana anaweza kuliona kuwa la ajabu katika wimbo wa ndoa, akalibadilisha.

5.0 Kutoka tafsiri hadi haki

Mabadiliko haya ya maana yana upande wa kisheria. Sheria za hakimiliki ambazo nchi za eneo hili zilirithi kutoka Uingereza zilijengwa juu ya kazi iliyokwisha kuwekwa katika umbo la kudumu, yaani maandishi au rekodi. Wimbo uliotungwa mwaka 1945 na kuimbwa kumbini kwa miaka kumi na mitano haukuacha ushahidi wa namna hiyo. Rekodi ya kwanza ndiyo iliyoacha, na aliyetajwa kwenye rekodi ndiye anayedhaniwa kisheria kuwa mtunzi hadi ithibitishwe vinginevyo.

Sheria za sasa zimepiga hatua. Kenya ilitunga Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na Tanzania Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Zote mbili zinatenganisha haki za mtunzi, mtendaji na mtayarishaji wa rekodi. Laiti mgawanyo huo ungekuwapo na kutumika mwaka 1963, Fadhili William angeweza kutambuliwa kwa utendaji wake, ambao haubishaniwi, bila suala la utunzi kufungwa kwa neno moja kwenye lebo.

Athari ya pengo hilo inaendelea. Chini ya sheria hizo, haki za mtunzi hudumu kwa uhai wake na miaka 50 baada ya kifo. Ikiwa mtunzi ni Fadhili William, aliyefariki Februari 2001, ulinzi unafika mwaka 2051. Ikiwa ni Adam Salim, hesabu inaanzia kifo kingine. Ikiwa waliutunga pamoja, inaanzia kifo cha wa mwisho wao. Kwa maneno mengine, bila kujua historia ya wimbo haiwezekani kujua hata lini utakuwa mali ya umma. Swali linaloonekana kuwa la wapenzi wa muziki wa zamani ni swali la mirabaha ya familia zilizo hai.

Inaweza kujibiwa kwamba wimbo kama huu umekwisha kuwa wa watu wote, na kwamba kuutafutia mmiliki ni kuutenga na jamii. Hoja hiyo ina uzito kwa upande wa utamaduni. Kwa upande wa uchumi inapungukiwa, kwani wimbo haukuacha kuleta fedha ulipoitwa wa watu wote. Fedha ziliendelea kukusanywa na kampuni zilizokuwa na nyaraka.

6.0 Hitimisho

Tafsiri za "Malaika" zinaonyesha kwamba wimbo waweza kubaki na maneno yake na bado ukapoteza nusu ya maana. Fadhili William alishika mapenzi na umaskini pamoja. Makeba aliupanua umaskini ukawa uhamisho. Disko na hoteli ziliuacha. Kidjo aliupokea wimbo kama urithi wa mwimbaji aliyemtangulia.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, taasisi za hakimiliki za Kenya na Tanzania zishirikiane kuunda daftari moja la nyimbo za dansi zilizotungwa kabla ya uhuru, linaloruhusu madai zaidi ya moja kuandikwa bega kwa bega. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na vyuo vikuu visimamie ukusanyaji wa ushuhuda wa wanamuziki wazee pamoja na uorodheshaji wa rekodi zilizomo katika maktaba za mashirika ya utangazaji. Tatu, matini za nyimbo mashuhuri zichapishwe pamoja na tofauti za matoleo yake na maelezo ya lugha, ili mfasiri ajaye ajue anachobadilisha. Kazi ya pili ndiyo ya haraka zaidi. Sheria inaweza kurekebishwa mwaka wowote, lakini wanamuziki waliozikumbuka kumbi za miaka ya 1950 wanazidi kupungua.