Mfungwa wa Kisiwani: Wambui Otieno na Kumbukumbu za Kizuizini

Lamu ni kisiwa kijulikanacho kwa washairi wake na milango yake ya nakshi. Ni katika visiwa hivyo ambako Mwana Kupona binti Msham, mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wa wasia ambao hadi leo hutajwa kila panapozungumzwa ushairi wa Kiswahili. Lakini visiwa hivyo vina historia nyingine isiyoimbwa. Ngome kongwe ya Lamu iligeuzwa gereza mapema katika karne ya 20, ikabaki hivyo hadi mwaka 1984. Na kisiwani Manda, wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni iliweka kambi ya wanaume iliowaogopa, waliotolewa bara wakavushwa bahari.

Mwaka 1960 akaletwa Lamu mwanamke wa miaka 24. Jina lake Wambui Waiyaki, kitukuu cha Waiyaki wa Hinga, aliyepambana na Waingereza tangu karne ya 19. Baba yake alikuwa afisa wa polisi wa serikali ile ile. Binti akawa mpelelezi wa Mau Mau mjini Nairobi, kisha mwanaharakati katika chama cha Tom Mboya. Hali ya hatari ilikuwa imeondolewa rasmi mwezi wa Januari mwaka huo, na bado yeye akatiwa kizuizini. Aliachiwa mwanzoni mwa mwaka 1961.

Yaliyompata huko aliyaeleza katika kitabu chake Mau Mau's Daughter, kilichohaririwa na mwanahistoria Cora Ann Presley na kuchapishwa mwaka 1998. Humo alisema waziwazi kwamba alibakwa na afisa wa Kiingereza aliyekuwa na mamlaka juu yake. Hakujificha nyuma ya mhusika wa kubuni, wala hakusema kuwa ni jambo lililompata jirani. Alitia jina lake. Katika jamii zetu, ambamo aibu ya tendo kama hilo humwangukia aliyetendwa, kuandika hivyo ni ushujaa usiopungua ule wa msituni.

Ushujaa huo huonekana zaidi anapokumbukwa idadi ya wanawake walionyamaza. Kamiti, nje kidogo ya Nairobi, palifunguliwa mwaka 1954 kambi ya kuwazuilia wanawake, na maelfu walipitia hapo. Wengine waliingia na watoto mgongoni. Walifanyishwa kazi za sulubu, na baadhi yao walilazimishwa kuzika maiti. Kati ya wote hao, walioacha kitabu ni wa kuhesabika kwa vidole. Muthoni Likimani, katika kitabu chake cha mwaka 1985 juu ya wanawake na Mau Mau, aliyasimulia mateso ya enzi hiyo kwa njia ya hadithi. Hadithi huhifadhi ukweli mwingi, lakini humruhusu mshtakiwa kusema kuwa yote ni ya kubuniwa.

Wala ukimya huo si wa Kenya peke yake, wala si wa zama za mkoloni tu. Bibi Titi Mohamed, aliyewakusanya wanawake wa Dar es Salaam katika TANU tangu mwaka 1955, alikamatwa mwaka 1969, akashtakiwa kwa uhaini na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Aliachiwa kwa msamaha mwaka 1972. Sauti yake imetufikia kwa mahojiano aliyofanyiwa na Susan Geiger, yaliyoingizwa katika kitabu juu ya wanawake wa TANU kilichotoka mwaka 1997. Bibi Titi alifariki mwaka 2000. Mwanamke aliyeweza kuusimamisha umati kwa maneno hakuacha kitabu cha mkono wake mwenyewe juu ya gereza.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo yatosha kueleza kwa nini maandishi ya aliyefungwa hayawezi kuzibwa pengo na ripoti ya bwana jela. Ripoti hutaja idadi, tarehe na nidhamu, haitaji usiku. Tena karatasi za bwana jela huwa na mwenyewe: mafaili mengi ya kikoloni juu ya kambi za Kenya yalisafirishwa Uingereza na kufichwa, yakaja kukiriwa hadharani mwaka 2011 wakati wazee wa Mau Mau walipokuwa wakiidai haki mahakamani London. Miongoni mwa wadai alikuwamo mwanamke, Jane Muthoni Mara, aliyetoa ushahidi juu ya udhalilishaji wa kijinsia aliofanyiwa. Mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitamka masikitiko yake, ikakubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9.

Wambui hakuiona siku hiyo. Alifariki tarehe 30 Agosti 2011. Lakini aliyoyasema Jane Muthoni Mara mbele ya mahakimu, yeye alikuwa amekwisha kuyasema ya kwake kwa maandishi, bila wakili na bila faili, miaka mingi kabla ya Uingereza kukubali kusikia.