Soya ya Nachingwea na Samaki wa Mwambao

Bandari ya Mtwara, ambayo watu wa Likombe na vitongoji vyake huitazamia riziki katika msimu wa korosho, ilikusudiwa tangu asili kuwa mlango wa mbegu za mafuta. Kwani baada ya Vita Vikuu vya Pili serikali ya Uingereza iliazimia kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, na ijapokuwa mradi ule ulivunjwa mwaka 1951 kwa hasara ya takriban pauni milioni 36, gati lilijengwa likafunguliwa mwaka 1954, pamoja na reli ya kutoka bara.

Katika mabaki ya mradi ule ndimo soya ilimopata makao. Mmea huu uliletwa Tanganyika mwaka 1907, katika bustani ya utafiti ya Wajerumani huko Amani. Walakini ni Nachingwea, katika miaka ya 1950, ndiko wataalamu walikozichanganya mbegu ili wapate aina zitakazokubaliana na ardhi yetu. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kazi ile adhimu ikasahauliwa kabla watu wa pwani hawajaonja faida yake.

Leo katika pwani hiyo hiyo, nyuma ya mikoko, hufugwa mwatiko, samaki ambaye kwa tabia yake hula mwani wa chini ya bwawa, naye huongezewa pumba na unga wa dagaa. Dagaa ni kitoweo cha fukara, na kumsaga ili kumlisha samaki mwingine ni jambo linalonisikitisha. Ndiyo sababu mashudu ya soya, yenye protini ya karibu 44 hadi 48 kwa mia, yanastahiki kuangaliwa.

Ila yana madhara yake. Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, vinavyouzuia mwili wa samaki kumeng'enya protini. Moto wa kadiri huviondoa, na ukizidi huharibu asidi amino iitwayo lisini. Fitati nayo hushika fosforasi na zinki, ilhali saponini haishindwi na moto: huko Norway, katika miaka ya 1990, watafiti walieleza jinsi utumbo wa nyuma wa samoni waliolishwa mashudu ulivyovimba, na saponini ikaja kutajwa miongoni mwa sababu. Samoni, hata hivyo, ni mla nyama. Perege na mwatiko, waliozoea mimea, huyastahimili zaidi mashudu hayo, maadamu yamepikwa barabara na kuchanganywa na chakula chenye methionini, asidi amino nyingine ambayo soya ina uhaba nayo.