Neno "Uvutano" na Historia ya Chembe Zenye Chaji

Mtoto wa Kabasa, wilayani Bunda, akiachia jiwe likaanguka, huambiwa shuleni kwa Kiswahili kwamba limevutwa na nguvu ya uvutano. Afikapo sekondari, fizikia humjia kwa Kiingereza, na neno lile hubaki kuwa ndio msingi alio nao. Sisi tunaona kwamba msingi huo una ufa, na historia ya fizikia yenyewe ndiyo iuoneshayo.

Mwaka 1687 Newton alieleza kwamba vitu vyote vyenye tungamo huvutana, na kwamba umbali ukizidi mara mbili, kani hupungua hadi robo. Mwaka 1785 Coulomb akaonesha kwamba chaji za umeme nazo hufuata kanuni ya namna hiyo; ila zisizofanana huvutana, na zinazofanana hufukuzana. Kumbe kuvutana si sifa ya tungamo peke yake.

Kwa muda mrefu jambo hili halikuwasumbua wataalamu. Mwaka 1909 Geiger na Marsden walirusha chembe za alfa kwenye bamba jembamba la dhahabu, na chache zikarudi nyuma. Rutherford alipoeleza sababu mwaka 1911, alihesabu kani ya umeme tu. Hakukosea: baina ya protoni mbili, kani ya umeme huishinda ile ya tungamo kwa kadiri ya 1 ikifuatwa na sifuri 36. Lakini mwaka 1994 John Donoghue alionesha kwamba athari za kikwanta za kani ya tungamo, katika nishati ndogo, zaweza kuhesabiwa hata kabla ya nadharia kamili kupatikana. Na mwaka 2002 Bjerrum-Bohr akafanya hesabu ya aina hiyo kwa chembe zenye chaji. Athari zenyewe ni ndogo mno, wala hakuna chombo kilichokwisha kuzipima.

Sasa mfasiri akiandika "uvutano wa protoni na elektroni", msomaji atajuaje ni upi? Tunapendekeza "graviti" iwe jina la kani ya tungamo, na "uvutano" ubaki jina la tendo. Wako watakaotulaumu kwa kukopa. Lakini "chaji" na "elektroni" tulizikopa, na hakuna aliyelia.

"Mtawanyo" nao una walakini. Mbegu hutawanywa, chembe moja ipitayo karibu na nyingine huchepuka. Tungesema "mchepuko" kwa chembe moja, na "mtawanyo" pale zirushwapo nyingi zikaenda huku na huku.

Linalotukera zaidi ni "masahihisho ya kikwanta". Mwalimu husahihisha kosa, na msomaji atadhani Newton na Coulomb walikosa hesabu. Jibu lao linabaki pale pale. Kinachoongezwa juu yake ni kijisehemu kidogo, ambacho hukua kadiri chembe zinavyokaribiana. Hizo ni "nyongeza za kikwanta", na ndivyo tutakavyoziandika.