Miungu wa kike wa baridi: hadithi za Ulaya na zoezi la kutafakari

Kuanzia mwezi wa 11, mu Ulaya kuko watu wanaoketi, wanafunga macho, na kusikiliza sauti inayowapeleka kwa mawazo mpaka kwa mama muzee anayetawala baridi. Zoezi hilo linaitwa kutafakari kwa kuongozwa. Wengine wanalitangaza kama ibada ya mababu. Lakini hapa kuko mambo mawili ya kutofautisha: hadithi ni za zamani, zoezi ni la siku hizi.

Kwa nini baridi inasumbua hivyo?

Goma, Bukavu ao Bunia, mchana ni karibu masaa 12 mwaka muzima. Kule Oslo, muji mukubwa wa Norwe, mchana wa mwezi wa 12 ni karibu masaa 6 tu. Tromsø, kaskazini zaidi, jua halitoki kabisa kuanzia mwisho wa mwezi wa 11 mpaka katikati ya mwezi wa 1. Theluji, ile nyeupe inayoonekana juu ya Ruwenzori, inafunika mashamba na barabara. Watu wengine wanaanguka katika huzuni inayorudi kila mwaka majira hayo. Daktari Norman Rosenthal na wenzake, kule Marekani, waliieleza kama ugonjwa katika mwaka wa 1984.

Mababu wa Ulaya hawakuwa na umeme. Kwao baridi ilikuwa swali la kufa na kupona: je, chakula na kuni zitafika mpaka mwisho? Njo maana baridi walimupa sura ya mutu, na mara nyingi sura ya mwanamuke.

Hao miungu ni nani?

Cailleach (inasomwa karibu na «Kaliakh») ni wa Skotilandi na Irlandi. Jina lake ni kusema «mama muzee». Wanasimulia kama anafua nguo yake mu mazingira ya maji ya Corryvreckan, kati ya visiwa vya Jura na Scarba, na kisha inchi yote inageuka nyeupe. Tarehe 1 mwezi wa 2, anatoka kutafuta kuni. Kama siku hiyo jua linawaka, ni kwamba anataka kuni nyingi, na baridi itaendelea. Kama hali ya hewa ni mbaya, amelala, na kuni zake zinakaribia kwisha. Katika bonde la Glen Lyon kuko nyumba ndogo sana yenye mawe yanayohesabiwa kuwa ni yeye na jamaa yake. Desturi ni kuyatoa inje mwanzo wa mwezi wa 5 na kuyarudisha ndani mwanzo wa mwezi wa 11.

Skaði ni wa hadithi za kaskazini ambazo Snorri Sturluson aliandika kule Islandi karibu mwaka wa 1220. Baba yake aliuawa na miungu. Alivaa silaha, akaenda kulipiza kisasi. Miungu wakamuomba akubali malipo: achague bwana kati yao kwa kuangalia miguu tu, na wamuchekeshe. Alikubali. Lakini bwana alikuwa mutu wa bahari, na yeye mutu wa milima. Kelele za ndege wa bahari zilimunyima usingizi, akarudi kwenye milima yake.

Frau Holle ni wa Ujerumani. Ndugu Grimm walichapisha hadithi yake katika mwaka wa 1812. Wakati matandiko yake yanakung'utwa na manyoya yanaruka, theluji inaanguka duniani.

Marzanna ni wa Polandi. Wanatengeneza sanamu yake kwa majani makavu, na karibu na tarehe 21 mwezi wa 3 wanaichoma ao wanaitupa mu maji, ili baridi iende.

Zoezi linafanywa namna gani?

Kila mungu anabeba fundisho lake: Cailleach kungojea, Skaði kubeba uchungu na kujua mipaka yako, Holle kutunza nyumba, Marzanna kuachilia. Mwenye kuongoza anasema polepole, na kunyamaza katikati. Huu ni mufano wa Cailleach, wa dakika 10 hivi:

1. Keti vizuri, miguu chini. Vuta pumzi, uiachilie polepole, mara tano.
2. Kwa mawazo, unatembea juu ya theluji. Hakuna kelele. Unasikia hatua zako tu.
3. Unaona nyumba ndogo ya mawe. Mama muzee iko kando ya moto, anakupa nafasi. Hakuulizi umechelewa wapi.
4. Anaangalia kuni zake. Jiulize: mimi nimebakiza nini cha kunifikisha mbele? Mzigo gani ninaweza kuuweka chini leo?
5. Muage. Sikia tena miguu yako chini, sauti za nyumba yako. Fungua macho.

Mambo ya kuangalia

Huhitaji kuamini miungu hiyo ili kufanya zoezi. Wengi wanaichukua kama picha tu. Lakini kuko wanaoiabudu kweli, na ni vizuri kumuuliza mwenye kuongoza iko upande gani mbele ya kuanza.

Zoezi linaweza kutuliza mwili, juu kupumua polepole kunapunguza mapigo ya moyo. Si dawa. Mutu aliyepitia vita ao jeuri, kufunga macho kunaweza kumurudishia picha mbaya. Huyo abakize macho wazi, akae karibu na mutu anayemuamini, na aache mara moja kama hofu inapanda. Huzuni ikidumu majuma mawili, usingizi na hamu ya chakula vikipotea, aende kituo cha afya.

Katika hadithi hizi hakuna mutu anayeshinda baridi kwa nguvu. Wanahesabu kuni, wanakaa pamoja karibu na moto, na wanajua tarehe ambayo mawe yatatoka inje.