Jicho Jekundu: Kutoka Matabibu wa Bara Hindi hadi Ntobeye

Uvimbe wa macho ni adui wa kale. Wamisri waliandika dawa zake kwenye mafunjo yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo. Lakini waliouchambua kwa undani wa pekee ni matabibu wa Ayurveda, tiba ya asili ya Bara Hindi.

Kitabu cha Sushruta, chenye umri wa zaidi ya miaka 1,500, kinataja magonjwa 76 ya macho. Karibu yote kinayaona yakichipuka kwenye mzizi mmoja, abhishyanda: jicho linalovimba, kuwasha na kutiririka. Aina zake ni nne, kwa kufuata kilichoaminiwa kuzileta mwilini: upepo, nyongo, ute au damu. Jicho linalochoma hupozwa. Lililo zito na lenye tongotongo hukaushwa. Tabibu aliliosha kwa maji yaliyochemshwa triphala, mchanganyiko wa matunda ya aina tatu, akapaka dawa juu ya kope, au akazungushia jicho ukuta wa unga na kumimina samli ndani yake. Naye alionya: ukipuuza uvimbe, jicho litapofuka.

Elimu hiyo ilisafiri. Enzi za makhalifa Waabbasi kitabu cha Sushruta kilifasiriwa kwa Kiarabu, na katika karne ya 9 tabibu Hunayn ibn Ishaq naye aliandika juu ya jicho huko Baghdad. Baadaye majahazi ya pepo za msimu yalileta Zanzibar wafanyabiashara wa Gujarat na Kutch pamoja na dawa zao. Wanja nao ukazoeleka pwani, ingawa leo tunajua kwamba aina nyingine zina risasi, sumu kwa mtoto.

Karne mbili zilizopita zikaleta majibu mapya. Mwaka 1881 daktari Carl Credé wa Leipzig alieleza jinsi tone la dawa linavyowaokoa vichanga na upofu utokanao na kisonono. Mwaka 1907, huko Java, wanasayansi waliona chembe za kiini cha vikope, yaani trakoma. Na hapa kwetu, utafiti wa Kongwa, Dodoma, uliochapishwa mwaka 1995, ulionyesha kuwa kuwanawisha watoto uso kunapunguza vikope vikali.

Hapo, kwenye suala la maji ya kunawa, ndipo Ntobeye inapoingia. Kata hii iko Ngara, wilaya iliyopokea wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 kwa takribani siku moja, mwishoni mwa Aprili 1994, kupitia mpaka wa Rusumo. Msongamano na uhaba wa maji ndivyo vinavyoyapa maradhi ya macho nafasi ya kuenea, iwe kambini au kijijini.

Wazee wa Ayurveda walikuwa sahihi kwa mawili: kuwahi na kuosha. Hatari ni kumimina jichoni chochote tunachoambiwa. Utafiti wa Tanzania uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta kwamba karibu robo ya wagonjwa wenye vidonda vya kioo cha jicho walikuwa wametumia dawa za kienyeji. Macho mekundu yalipoenea nchini Januari 2024, Wizara ya Afya iliwasihi wananchi wasijitibu kiholela.

Basi mzazi wa Ntobeye amnawishe mtoto kwa maji safi na amtengee taulo lake. Jicho likiuma sana, likiogopa mwanga au likiweka doa jeupe, aende zahanati siku hiyohiyo. Kichanga asisubirishwe hata kidogo. Nasi tulio na sauti tudai maji ya bomba na dawa za macho zifike kila kijiji, kwa sababu upofu huu unazuilika.